Shukrani za familia ya Ticha, Tandika

Assalaam alaykum, na kwa ndugu zetu Wakristo, Tumsifu Yesu Kristo.

Sisi familia ya marehemu baba yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Ticha, tunawashukuru wote mliokuwa nasi tangu alfajiri ile ya Jumanne hadi tulipoanua tanga. Mama yuko eda, kwa hiyo kalamu amenikabidhi mimi, mtoto wa tatu, na kunionya nisiandike hotuba. Nitajitahidi, ingawa mdomo wa marehemu nimeurithi.

Kumtaja kila mtu haiwezekani, lakini wapo ambao nisipowataja sitalala. Kina mama wa upande wa sokoni, mlilichukua jiko bila kuombwa, na kwa siku tatu hamkumruhusu hata mmoja wetu kushika mwiko. Vijana wa kijiwe cha bodaboda mlifunga turubai usiku mvua ikinyesha, na mmoja wenu alimpeleka baba mdogo Kariakoo kutafuta sanda, akakataa nauli. Imamu na waumini mliomswalia. Majirani zetu Wakatoliki wa nyumba ya pili mliwapa wageni wa Morogoro vyumba vyenu, ninyi wenyewe mkalala kwenye mkeka sebuleni. Wanafunzi wake wa zamani, wengine sasa mna mvi kumzidi yeye.

Na watani. Jamani, watani! Baba alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, na kwa Mzaramo msiba usio na Mnyamwezi umepoa. Kabla hatujaondoka Tandika, mmoja alikuwa keshavaa koti la baba la kufundishia, miwani imemshuka puani, anatuita mmojammoja ubaoni. Dada yetu mkubwa, ambaye tangu Jumanne hakuwa ametoa sauti, alicheka, na kicheko kikageuka kilio hapohapo. Tulikuwa tunauogopa ule ukimya wake kuliko kilio. Kule Kisarawe tukamkuta mwingine amejilaza ndani ya kaburi, anadai shimo ni lake na kodi keshalipa. Alitoka kwa elfu kumi na soda baridi.

Wakwe zetu waliotoka Bukoba walishtuka, na tunawaomba radhi, lakini lile halikuwa tusi. Wazee husimulia kwamba utani wetu na Wanyamwezi ulikomaa katika karne ya 19, misafara yao iliposhuka pwani na pembe za ndovu ikikatiza Uzaramo. Wengine husema ulianza kama ugomvi, ndio maana bado tunatukanana. Vyovyote iwavyo, mpagazi akiugua huku, wiki nyingi kutoka kwao, nani amuuguze? Akifa, nani amzike? Mtani wake. Na Mzaramo aliyekwama bara alijua kuwa naye yupo wa kumfukia. Hakuna hakimu aliyewaamuru, na mtu aliyezikwa hawezi kuja kulipa. Atakayelipa ni mwenzake mwingine, kwa maiti mwingine, pengine miaka thelathini baadaye.

Baba aliipenda sana habari hii, kwa sababu alikuwa na popo wake. Alifundisha bayolojia miaka 31, na kila aliyepita darasani kwake anamjua yule popo wa Amerika ya Kati na ya Kusini anayeishi kwa kunywa damu. Akikosa chakula siku mbili tatu mfululizo anakufa. Mwaka 1984 mtafiti Gerald Wilkinson alichapisha aliyoyaona Costa Rica: popo aliyeshiba humtapikia damu mwenzake aliyerudi na njaa, na hampi ndugu wa tumbo moja peke yake, hata jirani waliyezoeana katika mti mmoja humpa. Hapo baba alikuwa anaweka chaki chini. “Huyu hana msikiti, hana kanisa, hana mjumbe wa nyumba kumi. Nani kamfundisha?” Yeye aliamini kuwa sheria ya kusaidiana ni kongwe kuliko vitabu na serikali zote, kwamba kiumbe anayeweza kulala njaa leo na kushiba kesho ama aijue ama atoweke. Imamu alimjibu kwamba aliyemfundisha popo ni Yuleyule aliyetufundisha sisi. Walibishana hivyo kwenye bao miaka na miaka. Mimi sikuona walipopishana, ila kuwaambia wazee kwamba wanakubaliana ni kuwaharibia jioni.

Tulipokuwa tunatafuta hati za nyumba tulikuta daftari lake la kaunta. Ukurasa wa kwanza ni msiba wa bibi, 1994. “Mkaa gunia 1.” “Sukari kilo 2.” “Shilingi 500.” “Hakuleta kitu, alichota maji siku tatu.” “Hakuja, ana mgonjwa.” Pembeni kuna safu ya marejesho: harusi, jando, msiba, mtoto kafukuzwa ada. Tulikaa chini tukipiga hesabu, tukagundua kitu kimoja cha ajabu kwa mtu aliyesahihisha mitihani maisha yake yote. Hakuna mahali marejesho yalipolingana. Aliyeleta kilo 2 alipelekewa 3, au moja na nusu na kuku. Mama alicheka tulipomwonyesha. Anasema baba aliogopa kulipa sawasawa, kwa sababu mkishalipana sawasawa hamna tena sababu ya kubisha hodi.

Kuna jambo ambalo mama hakupenda niliandike, kisha akaniruhusu. Baba alikuwa katibu wa chama chetu cha kufa na kuzikana, na kanuni ya kumfuta asiyehudhuria misiba mitatu bila udhuru aliiandika yeye. Ni kanuni kali na ya haki. Bila hiyo chama kingebaki cha kina mama watano wanaobeba mtaa mzima. Bwana mmoja alifutwa kwa kanuni hiyo. Masika ya mwaka juzi akafariki, na kamati ikashikilia msimamo: turubai haliendi, wala rambirambi. Baba aliunga mkono kwenye kikao. Kesho yake akavaa kanzu, akaenda kuzika akiwa wa tano kati ya watu watano. Kwetu Waislamu kumzika mtu ni faradhi kifaya. Wachache wakiitimiza, wote tumesalimika. Wasipopatikana hao wachache, dhambi ni ya mtaa mzima. Jioni alijitoza faini ya elfu tano kwa kukiuka uamuzi wa kamati, akajiandikia stakabadhi na kuitia sahihi. Stakabadhi tumeikuta ndani ya daftari. Safu ya marejesho mbele ya jina la yule bwana hakuijaza.

Mpaka leo sijui yale mazishi niyaweke wapi katika somo lake la popo. Nikiri pia kwamba siku zote tatu za msiba nilimtazamia mlangoni kijana wa yule bwana. Hakuja. Nilimlalamikia mama, akaniuliza kama mimi ndiye niliyefungua lile daftari.

Sasa tumefungua ukurasa mpya. Tumeandika kila tulichokiona, na kwa tusichokiona tunaomba radhi: mliotuma kwa simu mtandao ukagoma kuonyesha jina, mliokaa foleni ya Mbagala mkafika tumeshatoka, mliokuja usiku mkakuta tumelala. Aliyemlipia baba dawa wiki ya mwisho hakuacha jina pale dirishani. Tumeandika “mtu mmoja” na kumwachia mstari mzima.

Hitma ya arobaini itasomwa hapa nyumbani, na siku itatangazwa msikitini. Waumini wa dini zote mnakaribishwa kwenye pilau, hata yule kijana. Mtani aliyeondoka na koti la baba arudi nalo, au aje na maelezo. Masufuria mawili makubwa, moja limechorwa herufi M kwa rangi nyekundu, na mwiko wenye mpini uliofungwa waya bado hayajapata wenyewe. Yako uani kwetu, yamesafishwa.