Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mzigo wa mionzi usilale uwanja wa ndege

Mheshimiwa Waziri,

Nafanya kazi kwenye chumba cha kamera ya gama, inayosoma mionzi kutoka mwilini mwa mgonjwa, na nakuandikia kuhusu mzigo mmoja tu: jenereta ya teknetiamu. Si ile ya umeme. Ni kopo zito lenye ukuta wa madini ya risasi, na ndani yake mna molibdenamu-99, madini yenye mionzi, inayogeuka yenyewe kuwa teknetiamu-99m, nayo yenye mionzi. Kila asubuhi tunaikamua kwa maji ya chumvi, kama ng'ombe, na tunachopata ndicho tunachopimia wagonjwa siku hiyo.

Wapo wanawake wenye saratani ya titi wanaotibiwa kwa doksorubisini, ile dripu nyekundu. Inaua saratani kweli, lakini dozi zikijumlika inaweza kuudhoofisha moyo, na mgonjwa asihisi lolote mpaka miguu ivimbe au pumzi imkatike ngazini. Tunataka kujua kabla hajafika huko. Tunamchoma kwanza sindano yenye madini ya bati, tunasubiri kama dakika 20, kisha teknetiamu, nayo inanasa kwenye chembe nyekundu za damu. Anaunganishwa waya za ECG zinazofuata mapigo ya moyo, analala bila kujitikisa, kamera inahesabu mionzi kwa mamia ya mapigo. Mwishoni inatoka namba. Ikiwa 60, maana yake kila pigo chumba cha chini kushoto cha moyo kinasukuma nje asilimia 60 ya damu iliyokuwamo. Aliyeanza na 62 akirudi na 48, daktari hatundiki dripu inayofuata kabla ya kufikiri upya.

Utaambiwa ekokadiografia, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, inatosha. Mara nyingi inatosha, tena haina mionzi. Hata mimi ningeanza nayo. Ila kuna vifua ambavyo picha yake haisomeki vizuri, na majibu yake hutegemea sana mkono wa mpimaji. Kipimo chetu ni hesabu: cha Machi na cha Juni vinalinganishika.

Sasa, molibdenamu hupungua nusu kila saa 66. Jenereta ikitua Ijumaa saa sita mchana, ikangoja karatasi wikiendi nzima, Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nusu imeshakwisha, na hospitali imelipia nzima. Friji haisaidii. Huwezi pia kuagiza ya akiba ukaiweka stoo.

Ninachoomba ukae na wenzako wa forodha na wa usalama wa mionzi, kibali cha mzigo huu kitoke kabla ndege haijaruka, na awepo ofisa wa zamu Jumamosi na Jumapili wa kuukagua na kugonga muhuri. Sijaomba ukaguzi ulegezwe hata kidogo. Ufanyike tu siku ileile. Ratiba za ndege tunazipata mapema, na tutazileta ofisi yoyote utakayotuelekeza.

Wako,
Mtaalamu wa tiba ya nyuklia,
Dar es Salaam