Tusiwalazimishe wachezaji wa briji wa Kanda ya Ziwa mfumo mmoja wa mnada

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niijibu makala ya safu ya michezo iliyopendekeza kwamba vikundi vyote vya briji vya Kanda ya Ziwa, kuanzia Mwanza hadi Bukoba na Musoma, vifuate mfumo mmoja tu wa mnada, na kwamba mfumo huo uwe ule wa pau moja yenye nguvu, unaojulikana kwa jina la Precision. Mwandishi wa makala hiyo aliueleza mfumo wenyewe vizuri, nami sina ugomvi na maelezo yake. Ninachopinga ni dhana iliyolala chini ya pendekezo lake, kwamba wachezaji wetu wanashindwa kwa sababu ya mfumo mbaya. Kwa ninavyowaona mezani, wanashindwa kwa sababu hawaipimi mikono yao: wanajumlisha pointi, kisha wanaiachia jumla hiyo iamue kila kitu.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, briji huchezwa na watu wanne, wawili kwa wawili, kila mmoja akiwa na karata 13, ambazo huitwa mkono wake. Kabla ya karata ya kwanza kushuka mezani hufanyika mnada, ambamo wachezaji hutaja kwa zamu idadi ya mizunguko ambayo upande wao utaila kati ya 13, mizunguko ambayo sisi huiita triki, pamoja na aina ya turufu: shupaza, kopa, uru, pau, au bila turufu kabisa. Triki sita za kwanza hazitajwi, hivyo anayesema shupaza moja ameahidi triki saba, na anayesema shupaza nne ameahidi triki kumi. Dau la juu kabisa ndilo linalogeuka kuwa mkataba. Mfumo wa mnada, basi, ni mapatano ya wenza wawili kuhusu maana ya kila dau, kwa kuwa hawaruhusiwi kuambiana jambo lolote kwa njia nyingine, iwe kwa neno, kwa jicho au kwa kukohoa.

Hesabu ya pointi ambayo karibu kila mwanafunzi huanza nayo huipa ree pointi 4, mfalme 3, malkia 2 na ghulamu 1, hivyo kwamba karata zote 52 zina pointi 40. Ilienezwa Marekani na Milton Work, na baadaye Charles Goren akaifikisha kwa mamilioni ya watu. Ni hesabu nzuri kwa mikono iliyosawazika inayochezwa bila turufu. Tatizo ni kwamba haioni umbo la mkono, yaani una karata ngapi za kila aina, na pale turufu inapokuwapo, umbo mara nyingi huzidi pointi.

Nitoe mfano, maana bila karata hoja hii haishikiki. Mwenzio amefungua mnada kwa shupaza moja, akionyesha angalau shupaza tano, na wapinzani wamenyamaza. Mkono wako una shupaza mfalme, 8, 6, 4. Kopa 7 peke yake. Uru ree, 9, 5, 3, 2. Na pau 8, 6, 3. Ni pointi saba tu, na mchezaji wa kawaida wa hapa kwetu husema shupaza mbili kwa unyenyekevu na kuridhika. Sasa uchukue mkono wa pili: shupaza ghulamu, 8, 6, kopa malkia, ghulamu, 5, uru malkia, ghulamu, 7, 2, pau mfalme, 8, 4. Huu una pointi kumi, na mchezaji yuleyule atapata ujasiri wa kupandisha hadi shupaza tatu ili kumwalika mwenziwe kwenye shupaza nne, mkataba wenye zawadi kubwa ukitimia.

Mimi ningefanya kinyume chake kabisa, na naamini kila mchezaji mzoefu angekubaliana nami. Mkono wa kwanza una turufu nne, na ile kopa moja ina maana kwamba kuanzia mzunguko wa pili wa kopa unakata kwa turufu. Mkono wa pili una malkia na maghulamu waliotawanyika bila ree hata moja, na hauna upungufu popote wa kukatia. Ipo hesabu ya zamani ya kuonyesha jambo hili, ya triki zinazopotea. Katika kila aina ya karata unahesabu ni ngapi kati ya ree, mfalme na malkia huna, bila kuzidi tatu na bila kuzidi idadi ya karata ulizonazo za aina hiyo. Unajumlisha na hesabu ya mwenzio, kisha unatoa jumla hiyo kwenye 24. Jibu ndilo kadirio la triki mtakazokula, mradi mmepata turufu inayowafaa nyote wawili.

Tuseme aliyefungua ana shupaza ree, malkia, 9, 7, 3. Kopa ree, 8, 4, 2. Uru mfalme na 6. Pau 7 na 5. Zinazopotea ni sita. Mkono wa kwanza wa pointi saba unapoteza nane, jumla 14, na 24 ukitoa 14 unabaki na triki kumi, yaani shupaza nne. Mkono wa pili wa pointi kumi unapoteza tisa, jumla 15, na hapo zinabaki tisa. Ukizitandika karata zenyewe mezani utaona kwamba hesabu haikudanganya: katika hali ya kwanza, pande mbili zina nusu tu ya pointi za karata zote, lakini kinachopotea kwa hakika ni pau mbili, na kopa mbili zikishakatwa kwa turufu ndogo za mkono huo wa kwanza, triki kumi zinapatikana isipokuwa turufu zimegawanyika vibaya kupita kiasi. Katika hali ya pili, pande mbili zina pointi 23 na bado triki tisa zenyewe zinaweza kuwapa jasho. Sisemi kwamba hesabu hii ni msahafu. Inamkweza malkia asiye na wenzake na haiangalii ghulamu wala kumi. Ila anayeitumia kando ya pointi analazimika kuutazama mkono kwa mara ya pili, na kutazama huko kwa mara ya pili ndiko kunakokosekana kwetu.

Jambo jingine ambalo makala haikuligusa, na ambalo linaathiri matokeo kuliko mfumo wowote, ni namna mashindano yanavyohesabiwa. Katika mashindano ya timu, karata zilezile huchezwa kwenye meza mbili, na tofauti ya matokeo hubadilishwa kwa jedwali la kimataifa kuwa alama. Mkiwa katika hali ya hatari, yaani hali ambayo zawadi za mikataba mikubwa na adhabu za kushindwa ni kubwa zaidi, shupaza nne zikitimia mnapata 620. Wenzenu wa meza ya pili walioishia shupaza tatu na kula triki kumi wanaandikiwa 170. Tofauti ya 450 ni alama 10. Mkishindwa kwa triki moja mnapoteza 100 huku meza ya pili ikipata 140, tofauti ya 240, ambayo ni alama 6. Kwa hiyo mnaweka alama 6 ili kupata 10, na hata nafasi ya asilimia 38 inatosha kupanda dau. Nje ya hali ya hatari, hesabu ni alama 6 dhidi ya 5, na mnahitaji karibu asilimia 45. Kwenye mashindano ya jozi, ambako kinachohesabiwa ni mmewapita wangapi na si kwa kiasi gani, mnahitaji takriban nusu. Wapo wachezaji hapa Mwanza wenye madaftari yaliyojaa mapatano ya kila aina ambao bado hupanda dau kwa namna moja katika mashindano yote mawili. Ukiwauliza sababu, wanakutajia jina la mtaalamu waliyemtazama kwenye intaneti.

Nije sasa kwenye Precision. Mfumo huu uliasisiwa na C. C. Wei, tajiri wa meli mzaliwa wa China, na ulipata sifa mwaka 1969 timu ya Taiwan ilipofika fainali ya Kombe la Bermuda, ubingwa wa dunia wa timu za briji. (Meli zina bahati na mchezo huu: Harold Vanderbilt alikamilisha kanuni za alama za briji ya mkataba mwaka 1925 akiwa safarini kupitia Mfereji wa Panama.) Faida yake ni ya kweli. Pau moja huwekewa mikono ya pointi 16 au zaidi, na kwa sababu hiyo kila dau jingine la kufungulia lina kikomo, kiasi kwamba mwenzi anajua mapema kama kuna sababu ya kuendelea. Lakini mikono ya pointi 16 na kuendelea hutokea karibu mara moja tu katika kumi, na ndipo wapinzani wenye akili huingilia kati. Unafungua kwa pau moja, mpinzani anaruka moja kwa moja hadi kopa tatu, na mwenzio hajui hata aina moja ya karata uliyo nayo nyingi, wakati yule aliyefungua kwa shupaza moja ya kawaida tayari amekwisha kusema jambo lake kuu. Wenza waliozoeana wana majibu ya hali hiyo. Waliokutana jana hawana.

Mwandishi aliitaja Italia, ambayo timu yake ya Blue Team ilitwaa Kombe la Bermuda mara 10 kati ya 1957 na 1969, kama ushahidi kwamba mifumo ya pau yenye nguvu hushinda. Mbona hakutaja kwamba Waitalia wale hawakuwa na mfumo mmoja? Wapo waliocheza mfumo wa Napoli na wapo waliocheza mfumo wa Roma, na mifumo hiyo miwili inatofautiana sana. Walichokuwa nacho wote kwa pamoja ni mazoezi ya miaka mingi na mwenzi yuleyule. Ushahidi huo, ukisomwa vizuri, unaniunga mkono mimi.

Hali yetu ni tofauti. Mwenzi wako huenda ni mtu wa Bukoba aliyeshuka asubuhi kutoka kwenye meli ya usiku, mkapewa nusu saa ya kupatana kabla ya mchezo. Mvuvi wa hapa ziwani hachukui wavu wa sangara kwenda kuvua dagaa, na mwenza wa nusu saa asichukue mfumo wa kurasa 60. Kwa mazingira hayo mimi hupendekeza mfumo wa asili wa kufungua shupaza au kopa ukiwa nazo tano, na kufungua bila turufu ukiwa na mkono uliosawazika wa pointi 15 hadi 17, pamoja na mapatano machache yanayofahamika dunia nzima, kama lile la Stayman la kumuuliza mwenzi aliyefungua bila turufu kama ana karata nne za kopa au za shupaza.

Najua wazee wetu waliolelewa na Acol, mfumo uliozaliwa London katika miaka ya 1930, watanikatalia kuhusu bila turufu. Wao hufungua kwa pointi 12 hadi 14, na wana hoja: mikono ya aina hiyo huja mara mbili hivi zaidi ya ile ya 15 hadi 17, na dau lenyewe huwanyima wapinzani nafasi ya kusemezana kwa bei nafuu. Nje ya hali ya hatari ninawakubalia bila shida. Katika hali ya hatari, hata hivyo, kupungukiwa triki mbili ni hasara ya 200, ambayo inapita 110 au 140 ambazo wapinzani wangepata kwa mkataba wao mdogo, na wakikudabo, yaani wakitangaza mnadani kwamba utashindwa ili adhabu iongezwe, hasara inafika 500. Wenza wanaojua kukimbilia mahali salama baada ya dabo wataokoka. Basi waachwe wacheze wanavyojua, na vijana waliojifunza 15 hadi 17 nao waachwe, maana mchezo kati ya mifumo miwili tofauti unafundisha zaidi kuliko mchezo wa watu wote kusema lugha moja ya mnada.

Sharti moja tu ndilo ningelisimamia bila huruma, nalo tayari liko katika sheria za kimataifa za mchezo: mapatano yenu si siri. Wapinzani wana haki ya kujua maana ya kila dau lenu kama mnavyoijua ninyi wenyewe. Mwandalizi wa mashindano adai kila jozi ije na ukurasa mmoja ulioandikwa mapatano yake kwa Kiswahili kinachoeleweka, na jozi isiyoweza kuueleza mfumo wake katika ukurasa huo icheze mfumo mwepesi siku hiyo.

Kwa safu yako ya michezo nina ombi. Badala ya kuchapisha majedwali ya mfumo wowote, ichapishe kila wiki mkono mmoja wa karata 13, hali ya hatari, aina ya mashindano, na mnada ulipofikia, kisha iwaulize wasomaji wangesema nini na kwa nini. Majibu yatolewe wiki inayofuata pamoja na mikono yote minne. Ile miwili niliyoiandika hapo juu, wa pointi saba na wa pointi kumi, naitoa kwa ajili ya kuanzia, na mwandishi wa makala akiona nimekosea kuipima, nitafurahi kusoma hesabu yake.

Wako,
Mchezaji wa briji,
Isamilo, Mwanza