Waliobeba trei Shangani nao waandikwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache juu ya jengo la Africa House, hapa Shangani. Kazi yangu ni kutembeza wageni Mji Mkongwe, na jioni nyingi tunamalizia pale juu barazani, jua likizama upande wa bara na ngalawa zikipita mbele yetu. Mgeni akishakaa huuliza: zamani walikuwa wakikaa nani hapa?

Jawabu tunalo mdomoni. Ilikuwa Klabu ya Waingereza, iliyoanzishwa mwaka 1888, mwaka aliofariki Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash, miaka 2 kabla ya Zanzibar kuwekwa chini ya himaya ya Uingereza. Maofisa walikutana pale baada ya kazi. Wagoa, watu wa asili ya Goa, na Wahindi walikuwa na klabu zao. Mwafrika hakuwa mwanachama. Akionekana ndani, basi yumo kazini. Yakaja Mapinduzi ya Januari 1964, klabu ikaisha, jengo likapata jina jipya, na leo ni hoteli.

Tunaishia hapo, na mimi nimo. Nimewasimulia wageni habari za mabalozi na masultani kwa miaka mingi, lakini sikuwahi kutaja mpishi hata mmoja.

Kilichonizindua ni mzee wa mtaani kwetu, aliyewahi kuwa mhudumu wa klabu za Wazungu ujanani mwake. Siku moja nilimpelekea kahawa barazani kwake. Akakipokea kisahani, akakiweka juu ya vidole vitano vilivyotanuka, akanyanyuka na kutembea mpaka mlangoni na kurudi. Kikombe hakikulia. Akaniambia walifundishwa hivyo na wahudumu wakubwa kwa trei ya gilasi zilizojaa maji, wakipanda na kushuka ngazi kabla ya wanachama kuingia. Alijua nani anataka barafu na nani hataki, nani asisemeshwe mpaka amalize gazeti. Yote hayo kichwani, hakuna karatasi.

Mhariri, aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1963 sasa amepita 80. Hawa watu wanatutoka. Sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la kale la masultani, iliporomoka Disemba 2020 tukalia, na ilistahiki tulie, maana watu walipoteza maisha na mji ukapoteza uso wake. Lakini jengo lina picha na ramani, linaweza kusimamishwa tena. Mzee akizikwa na aliyoyaona, hatuna pa kuyachimbua.

Ombi langu ni kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe na Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani: watumwe vijana wenye vinasa sauti, wawafuate majumbani wapishi, madobi, wahudumu na walinzi wa klabu za zamani waliobaki. Kisha majina yao yatiwe kwenye kibao, yasomeke na kila anayepita. Nasi watembezaji tufundishwe habari zao kama tunavyofundishwa za masultani.

Mimi nimeshaanza. Yule mzee amenitajia wenzake 11, kila mmoja na mtaa wake na kazi yake, nami nimewaandika katika daftari la skuli la mwanangu. Daftari liko tayari, nitalipeleka Kilimani siku yoyote nitakayoitwa.

Mtembeza wageni,
Malindi, Unguja