Mkimbizi asihukumiwe kwa jina la ukoo wake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo lililonikaa moyoni tangu ilipotangazwa, mwishoni mwa Desemba 2024, kwamba Seyyid Jamshid bin Abdullah, Sultani wa mwisho wa Zanzibar, amefariki dunia huko Muscat akiwa na umri wa miaka 95. Nilikuwa barazani, hapa Mjini Unguja, habari hiyo ilipotufikia. Mzee mmoja alisema, "Aliye juu mngoje chini," kisha akanyamaza kama mtu aliyelipwa deni lake. Kijana aliyekaa pembeni yake, ambaye hata baba yake alizaliwa baada ya Mapinduzi, akasema kwamba watoto na wajukuu wa marehemu wasije wakaota kurudi, kwa kuwa mtoto wa nyoka ni nyoka. Mwingine akatokwa na machozi, akasimulia jinsi nchi ilivyokuwa pepo katika siku za wafalme. Sikukubaliana na yeyote kati yao, na ninaona kwamba katika maneno ya watu hao watatu umo msimamo wetu wote, sisi wa pwani hii, kuhusu mtu ambaye ukoo wake ulitawala kisha akawa mkimbizi.

Ni vizuri niseme mapema nilikotoka. Baba yangu alikuwa hamali bandarini na mwanachama wa Afro-Shirazi tangu chama hicho kilipoundwa mwaka 1957, na mimi nilikuwa na miaka minane usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, Mapinduzi yalipomwondoa Sultani. Sina sababu ya kuulilia usultani. Nimefundisha historia kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila mwaka niliwapeleka wanafunzi wangu Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873, nikawaeleza kwamba utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria hapa kwetu mpaka mwaka 1897. Niliwaeleza pia habari za uchaguzi wa Julai 1963, ambapo chama cha baba yangu kilipata takriban asilimia 54 ya kura zote lakini kikaambulia viti 13 tu kati ya 31, na serikali ikaundwa na wengine. Anayetaka kujua kwa nini watu walichukua mapanga na bunduki mwezi mmoja tu baada ya uhuru wa tarehe 10 Desemba, aanzie hapo.

Lakini wahenga walisema, Mgala muue na haki yake mpe. Jamshid alirithi kiti tarehe 1 Julai 1963, siku aliyofariki baba yake, akiwa na umri wa miaka 33, na alikikalia kwa miezi sita na siku chache. Mipaka ya majimbo ya uchaguzi ule haikuchorwa naye. Soko la Mkunazini lilikuwa limefungwa miaka 56 kabla hajazaliwa. Sisemi haya ili kumsafisha, kwa maana mtu akikubali kukalia kiti amekubali na lawama zake, na mengi yaliyofanywa kwa jina la ukoo huo hayana utetezi. Nasema kwa sababu watu wengi barazani wanapotaja kosa lake hutaja mambo ya babu wa babu yake, na huku ni kumhukumu mtu kwa nasaba, jambo lile lile tulilosema tunalipindua.

Tukumbuke ilivyokuwa asubuhi ile. Aliondoka na familia yake na baadhi ya watu wake kwa meli yake, Seyyid Khalifa, wakaelekea Mombasa. Huko hawakuruhusiwa kushuka. Ninaielewa hofu ya Kenya, kwa sababu nchi hiyo nayo ilikuwa na mwezi mmoja tu wa uhuru, na ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa kwa jina mali ya Sultani mpaka mapatano ya Oktoba 1963 baina ya Jomo Kenyatta na Mohammed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar. Kumpokea aliyekuwa mwenye Mwambao, yaani ukanda huo, wakati wapo watu Mombasa waliokuwa bado wanaudai Mwambao wao, kungeweza kuwasha moto. Kwa hiyo meli ikageuza kuelekea Dar es Salaam, na serikali ya Tanganyika, ambayo haikuwa na mapenzi yoyote na usultani na ambayo miezi michache baadaye iliungana na serikali ya Mapinduzi, iliwaruhusu kushuka, na kutoka hapo wakapanda ndege kwenda Uingereza.

Tendo hilo la Tanganyika nimelitafakari mara nyingi, na ninalitaja kwa fahari ingawa vitabu vyetu vya shule hulipita haraka. Kumruhusu mtu ashuke chomboni akiwa na watoto hakukumrudishia kiti, wala hakukuyachelewesha Mapinduzi hata kwa saa moja. Na tazameni jinsi dunia isivyokuwa na mwenyewe: tarehe 20 Januari, muda mfupi tu baada ya wageni wale kupita, askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi, na Mwalimu Nyerere mwenyewe akalazimika kufichwa kwa siku kadhaa ndani ya mji ule ule. Aliyetoa hifadhi alikaribia kuihitaji.

Uingereza, Jamshid alikwenda kuishi Portsmouth, na huko akakaa zaidi ya nusu karne. Watu wengi hudhani kwamba mwenye ukoo mkubwa hakosi pa kwenda, kwamba ndugu zake watawala watamfungulia mlango mara moja. Ukoo wake unatawala Oman mpaka leo, na hata hivyo aliruhusiwa kuhamia huko mwaka 2020 tu, akiwa amekwisha kutimiza miaka tisini. Jina lililomweka kwenye kiti ndilo lililomzuia mlangoni kwa ndugu zake, kwa kuwa mtu wa kawaida akiomba kuingia huonekana ni mtu, ila mfalme aliyepinduliwa akiomba kuingia huonekana ni suala la siasa. Kabaka Mutesa wa Buganda naye, baada ya jumba lake la Mengo kushambuliwa Mei 1966, alifika London bila ufalme na akafia huko Novemba 1969, na mwili wake ulirudi nyumbani mwaka 1971, serikali iliyomfukuza ilipokwisha kuanguka. Hata maiti ilingoja siasa.

Najua jibu nitakalopewa, kwa sababu nimepewa mara nyingi: kwamba hao walikuwa na meli na ndege, ilhali masikini walikimbia kwa jahazi. Ni kweli kabisa, na ni kweli inayoniuma zaidi kuliko mengine yote katika barua hii. Watu walioondoka visiwani katika miezi na miaka iliyofuata, wengi kwa majahazi na ngalawa usiku, wakielekea Tanga, Mombasa au Dubai, hawakuandikwa magazetini. Wengine hawakuwa na uhusiano wowote na watawala isipokuwa rangi ya ngozi, au duka dogo shamba, au kadi ya chama kilichoshindwa. Jirani yetu mmoja wa Ng'ambo, muuza halua, aliondoka hivyo na mkewe na mtoto mchanga, na alipofika bara aliacha kulitaja jina la kabila la baba yake kwa sababu kila aliyelisikia alimwambia, "Nyinyi ndio mliotutawala." Yeye alikuwa amemtawala nani? Kitu pekee alichokuwa na amri juu yake ni sufuria yake ya shaba. Chuki dhidi ya ukoo uliotawala haiishii kwenye ukoo huo, bali huteremka mpaka kwa kila anayefanana nao, na hawa wa chini ndio wanaoumia zaidi kwa kuwa hawana balozi wa kuwapokea. Basi yule aliyelia barazani naye anakosea, si kwa kumlilia marehemu, ila kwa kumlilia yeye peke yake. Sijawahi kumsikia akimtaja muuza halua. Na maelfu waliouawa katika siku zile, ambao hawakuwahi hata kufika ufukweni, hatuna hata orodha ya majina yao.

Kuna mfano mmoja unaoonyesha kwamba tunaweza kuwa na moyo mwingine tukitaka. Seyyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, alitoroka Unguja mwaka 1866 kwa manowari ya Kiingereza kwa sababu ya mapenzi yake na mfanyabiashara wa Kijerumani, akabatizwa, akaolewa, akabaki mjane Hamburg mwaka 1870 akiwa na watoto watatu wadogo. Aliporudi mwaka 1885 pamoja na meli za kivita za Wajerumani, kaka yake Barghash alikataa kumwona. Enzi zake alihesabiwa msaliti wa dini na wa ukoo. Leo ana chumba chake ndani ya Jumba la Makumbusho la Forodhani, lile lililokuwa jumba la wafalme, na waongozaji wetu wa watalii wanaisimulia habari yake kwa huruma, wakieleza baridi ya Ujerumani na upweke wake. Huyu naye ni mtoto wa mtawala, tena wa mtawala aliyekuwa na watumwa wengi kuliko Jamshid alivyopata kuwa na askari. Tumemsamehe kwa kuwa amekwisha kuwa mbali na hatumwogopi. Hivyo ugumu wetu kwa hawa wa 1964 hautokani na ukubwa wa dhambi ya ukoo wao. Unatokana na hofu, na hofu hiyo imelishwa.

Imelishwa na siasa, nalisema hili wazi. Tangu vyama vingi viliporudi mwaka 1992, hakuna uchaguzi ambao sikusikia jukwaani kwamba wapinzani wanataka kumrudisha Sultani. Mtu aliyekuwa akizeeka Portsmouth, asiye na jeshi wala chama, alitumiwa kuwatisha watu waliozaliwa miaka ishirini baada ya kuondoka kwake, na neno "Hizbu", jina la chama kilichopinduliwa mwaka 1964, likawa tusi la kumpiga nalo yeyote mwenye nywele za singa anayeuliza habari za maji na umeme. Nimeona athari yake darasani. Mwanafunzi wangu mmoja, mwenye nisba, yaani jina la ukoo, inayofahamika, aliniomba nisiisome nisba hiyo wakati wa kuita majina, nisome jina lake na la baba yake tu, kwa kuwa kila somo la Mapinduzi lilipofika wenzake walimgeukia. Alikuwa na miaka kumi na minne. Nilikubali ombi lake, na mpaka leo sijui kama nilifanya vyema, kwani nilimfundisha kujificha badala ya kuwafundisha wenzake wasimgeukie.

Sheria yenyewe ina akili kuliko baraza zetu. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 haumuulizi mkimbizi baba yake alikuwa nani. Unauliza kama ana hofu ya kweli ya kuteswa kwa ajili ya rangi, dini, utaifa, maoni ya kisiasa au kuwa mmoja wa kundi fulani la jamii, na mtoto anayewindwa kwa sababu ya ukoo wake ana hofu hiyo sawa na mkulima. Wakati huohuo Mkataba huo, na ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, unamnyima ulinzi mtu ambaye kuna sababu nzito za kuamini kwamba yeye mwenyewe ametenda jinai za kivita au jinai dhidi ya ubinadamu. Mizani ni tendo la mtu. Waziri aliyeamuru watu wauawe asijifiche nyuma ya neno mkimbizi, na binti yake aliyekuwa chekechea siku hiyo asidaiwe damu ambayo hakuimwaga. Nchi yetu iliwapokea Warundi kwa makumi ya maelfu tangu 1972, ikawapa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na mwaka 2014 ikawapa uraia wengi wao. Hatukuwauliza kwanza wa koo zipi. Sioni kwa nini moyo huo ushindwe kuvuka mkondo wa bahari kuja mpaka huku.

Sidai kiti cha mtu kirudishwe, wala mali iliyotaifishwa ifufuliwe, na yeyote atakayeisoma barua hii kwa jicho hilo atakuwa amenisingizia. Ninachoomba ni vitu viwili. Kwanza, wizara inayohusika na mambo ya kale iweke ndani ya Jumba lile, jirani na chumba cha Salme, maelezo ya safari ya Januari 1964, ya meli na ya majahazi pamoja, ili mtoto wa aliyepindua na mtoto wa aliyepinduliwa wayasome wakiwa wamesimama mahali pamoja. Pili ni kwako, Mhariri. Walioondoka kwa majahazi wakiwa watu wazima karibu wote wamekwisha, na watoto wao waliokumbuka wamefika umri wangu. Gazeti lako lina wasomaji Tanga, Mombasa na Muscat. Fungua ukurasa kwa ajili ya kumbukumbu zao kabla ya Januari ijayo, nami nitakuletea ya kwanza, ya muuza halua, kama mkewe alivyonisimulia aliporudi kuja kuitazama nyumba yao na kukuta tunaishi humo sisi.

Mwalimu mstaafu,
Ng'ambo, Unguja