Maafisa wa serikali watii amri za mahakama

Mhariri,

Naandika kuhusu ripoti za maafisa wa serikali wanaopuuza amri za mahakama. Mnamo Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya uchaguzi wa urais na aliyetangazwa mshindi akarudi debeni, ingawa shingo upande. Iweje basi afisa wa kaunti au wizara akaidi amri ya kumlipa raia fidia yake? Kifungu cha 159 cha Katiba chasema mamlaka ya mahakama hutoka kwa wananchi. Anayeidharau ametudharau sisi.

Sheria ya 2016 kuhusu kudharau mahakama ilibatilishwa 2018, sababu mojawapo ikiwa umma haukuhusishwa ipasavyo. Bunge litunge nyingine, lije Nakuru na Kisumu kusikiliza maoni yetu, na afisa mkaidi alipe faini kutoka mfukoni mwake.

Msomaji,
Nakuru