Barua ya Wazi kwa Vijana wa Usharika Wetu Juu ya Kuongoka na Kuzaliwa Mara ya Pili

Wanangu na wajukuu zangu katika imani,

Bwana Yesu asifiwe.

Jumapili iliyofuata mkutano wa injili mlinikabidhi daftari la wale waliopita mbele, ili nilihifadhi pamoja na kumbukumbu nyingine za usharika. Nilifurahi pamoja nanyi, na ninaomba jambo hilo lisisahaulike katika yote nitakayoyasema, kwa sababu ni miaka mingi sijaona vijana wakikesha kuwaombea wenzao kama mlivyokesha ninyi. Lakini nilipolifungua daftari lile nyumbani niliona kwamba juu ya kurasa nne za majina mmeandika kwa herufi kubwa, "Waliozaliwa mara ya pili", na kichwa hicho kimenisumbua tangu siku ile. Kisha nikasikia kwamba baadhi yenu mlimwambia mjane mmoja, mama aliyefunga na kuomba katika jumuiya yetu kabla wazazi wenu hawajaoana, kwamba kwa kuwa hawezi kuitaja tarehe aliyookoka, basi yeye ni Mkristo wa jina tu. Mambo haya mawili yana mzizi mmoja. Neno lile kwa mama yetu lilisemwa mbele ya watu, na ndiyo maana nami nawaandikia barua ya wazi.

Mmelichukua tendo la mtu mkaliita kwa jina la tendo la Mungu.

Kuongoka ni neno zuri, wala sitaki mtu alidharau. Kwa Kiswahili chetu kuongoka ni kuiacha njia iliyopotoka na kushika iliyonyooka, na hata majirani zetu Waislamu humwomba Mungu awape uongofu. Maandiko hulitumia bila haya: Paulo na Barnaba walipopita Foinike na Samaria walikuwa "wakitangaza habari za kuongoka kwao Mataifa", na Wathesalonike walisifiwa jinsi walivyomgeukia Mungu wakaziacha sanamu. Ni tendo ambalo mtu analitenda kwa miguu yake na kwa kinywa chake, ingawa hata nguvu ya kugeuka hatuipati bila neema, na kwa kuwa ni tendo la mtu linaonekana, linahesabika, linaweza kuandikwa daftarini pamoja na tarehe na jina la mtaa. Linaweza pia kurudiwa. Petro alikuwa amekwisha kuacha nyavu, amekwisha kukiri kwamba Yesu ndiye Kristo, na bado Bwana alimwambia usiku wa mwisho, "nawe utakapoongoka waimarishe ndugu zako."

Kuzaliwa ni jambo jingine kabisa. Hakuna aliyejizaa. Yohana asema kwamba watoto wa Mungu walizaliwa "si kwa damu, wala si kwa mapenzi ya mwili, wala si kwa mapenzi ya mtu, bali kwa Mungu", na anapoandika maneno ya Yesu kwa Nikodemo anatumia neno la Kigiriki lenye maana mbili kwa pamoja: "tena" na "kutoka juu". Biblia yetu imechagua "mara ya pili", na Nikodemo naye alisikia hivyo hivyo, ndiyo maana akauliza kama mtu mzima aweza kurudi tumboni mwa mama yake. Lakini neno hilo hilo, katika sura hiyo hiyo, limetafsiriwa "kutoka juu" pale isemwapo "Yeye ajaye kutoka juu, yu juu ya yote." Nikodemo aliisikia hesabu, Bwana alikuwa anamwonyesha chanzo. Akamwambia habari za upepo ambao sauti yake waisikia, lakini hujui unakotoka wala unakokwenda. Basi niambieni, wanangu, ni nani kati yetu anayeweza kuuandika upepo katika daftari?

Someni tena habari za Simoni wa Samaria katika Matendo sura ya nane. Aliamini, akabatizwa, akashikamana na Filipo, na kama mngekuwapo mngemwandika jina lake ukurasa wa kwanza. Siku chache baadaye Petro anamwambia, "moyo wako si mnyofu mbele za Mungu." Filipo hakukosea kumbatiza, maana alimpokea mtu aliyegeuka, kama inavyompasa mhubiri. Kilichokuwa ndani ya moyo hakikuwa cha Filipo kukitangaza.

Sasa nitasema jambo zito zaidi, kwa maana sisi tunaoishi Kagera hatuna ruhusa ya kulisahau. Ninyi hamkuwa mmezaliwa, lakini wazazi wenu wanajua.

Katika Rwanda, baada ya Wabelgiji kumwondoa Mwami Musinga mwaka 1931, mfalme aliyekuwa amekataa Ukristo, na kumtawaza mwanawe Rudahigwa, machifu walimiminika katika madarasa ya ubatizo na raia wakawafuata machifu wao, kwa wingi ambao wamisionari wenyewe waliufananisha na tufani. Rudahigwa alibatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 akaiweka nchi yake yote wakfu kwa Kristo Mfalme. Sisemi kwamba watu wale walidanganya. Wengi waligeuka kwa moyo, wengine waligeuka kwa sababu njia ya uchifu na ya shule ilikuwa imehamia upande wa kanisa, na aliyeshika kalamu ya ubatizo hakuwa na namna ya kuwatofautisha. Miaka ile ile, upande wa mashariki wa nchi hiyo, katika hospitali na shule ya Gahini, kundi dogo la watu lilianza kuona jambo hilo na kulia. Daktari Joe Church, Mwingereza, alikuwa amekutana na Simeoni Nsibambi kule Kampala mwaka 1929, nao wakaomba pamoja wakiwa wamechoshwa na ubaridi wa mioyo yao wenyewe. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, akafundisha Gahini. Yosiya Kinuka akahudumu hospitalini. Hawakuwaendea wapagani kwanza. Waliwaendea waliobatizwa, na waalimu wa kanisa, na wao wenyewe, wakiuliza kama waliogeuka walikuwa wamezaliwa. Kigozi alifariki Januari 1936, lakini moto ule, ndio uamsho wa Afrika Mashariki, ulivuka mipaka, ukatufikia hapa Kagera, na babu zenu kadhaa walirudisha ng'ombe na fedha walizoiba kwa sababu yake.

Hata hivyo ikaja Aprili 1994, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Katika nchi ambayo sehemu kubwa mno ya watu wake walikuwa wamebatizwa, Wakristo waliwaua Wakristo, na mara nyingi ndani ya makanisa. Pale Nyarubuye, si mbali na mpaka wetu, maelfu waliuawa katika viwanja vya kanisa walikokimbilia wakidhani hakuna atakayewagusa. Mto Kagera ulileta maiti mpaka Ziwa Viktoria, na watu wa mwambao wakaacha kula samaki. Mwishoni mwa mwezi ule watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na Benaco, huku kwetu wilayani Ngara, mahali palipokuwa pori, pakawa mji wa maturubai. Mimi na wenzangu wachache tulikwenda Ngara kupeleka nguo na sufuria. Jumapili tuliwasikia wakiimba nyimbo tunazoziimba sisi, kwa sauti nne, kwa uzuri ulioniumiza, nami nilijua, kama kila mtu alivyojua, kwamba miongoni mwa sauti zile za watu waliopoteza kila kitu zimo pia sauti za watu waliomwaga damu.

Msikimbilie kusema kwamba waliotenda hayo walikuwa wa dhehebu jingine, Wakatoliki, na sisi tuliookoka tusingefanya hivyo. Gahini iko ndani ya nchi ile ile, na uamsho haukuuzuia upanga. Wala msidhani kwamba Roho alifuata orodha za madhehebu. Kule Gisenyi alikuwapo mwanamke Mkatoliki, Félicité Niyitegeka, Mhutu, aliyewaficha Watutsi na kuwasaidia wengine kuvuka kwenda Kongo. Kaka yake, afisa wa jeshi, alimtumia ujumbe aondoke aokoe maisha yake, naye akakataa kuwaacha aliokuwa nao, akauawa pamoja nao. Sijui kama aliwahi kuinua mkono katika mkutano wowote. Lakini Yohana ameandika, "Sisi tunajua ya kuwa tumepita kutoka mautini kuingia uzimani, kwa maana twawapenda ndugu." Tazameni anachokitaja Yohana kuwa ushahidi wa uhai.

Nami nina habari yangu, na sitaificha. Nilibatizwa nikiwa mtoto mchanga, nikapata kipaimara, na nikiwa kijana wa umri wenu nilipita mbele katika mkutano, nikalia machozi ya kweli. Sikuigiza. Niliacha pombe siku ile na sijairudia. Lakini kwa miaka kumi na mmoja baada ya hapo sikusema na kaka yangu, kwa sababu ya mpaka wa shamba la migomba alilotuachia baba yetu, na mimi ndiye niliyekuwa nimeisogeza mimea ya mpaka, usiku, hatua nne. Niliimba kwaya nikiwa na hatua nne zile kifuani. Niliwaongoza wengine sala ya toba. Na kama mtu angeniuliza, ningemtajia siku, saa na mahali nilipookoka bila kusitasita.

Siwezi kuwaeleza vizuri kilichotokea baadaye, kwa kuwa hakuna aliyehubiri na hakuna aliyeita watu mbele. Palikuwa na majira ya mvua ambapo kila niliposoma neno lolote katika Biblia nilikuwa naona mimea ile. Kitu ambacho nilikuwa nimekipenda kikaanza kuninukia. Asubuhi moja nilichukua jembe nikaenda kuing'oa na kuirudisha mahali pake, na kaka yangu akanikuta hapo, akaniangalia kwa muda mrefu bila neno, kisha akaenda nyumbani kwake akarudi na jembe la pili. Kama nilizaliwa kijana, katika machozi yale, nikakaa mtoto mchanga miaka yote hiyo, au kama nilizaliwa katika mvua zile, Mungu anajua. Mimi nimeacha kuiulizia tarehe. Ninachokijua ni kwamba moyo wa jiwe alioutaja Ezekieli nilikuwa nao, nami sikuutoa kwa mkono wangu.

Wapo watakaouliza habari za ubatizo, kwa kuwa Tito anaandikiwa juu ya "kuoshwa kwa kuzaliwa kwa pili na kufanywa upya na Roho Mtakatifu", nasi Walutheri tumefundishwa maneno hayo tangu darasa la kipaimara. Ninayaamini. Lakini Katekisimo Ndogo ya Luther, tuliyofundishwa darasani humo, inaendelea kusema kwamba maji hayo maana yake ni utu wa kale kuzamishwa kila siku kwa majuto na toba, na mtu mpya afufuke kila siku. Aliyebatizwa asiuegemee ubatizo wake kama anayeegemea cheti, na aliyepita mbele asiiegemee siku yake namna hiyo hiyo. Mengine mzee mwenzangu mchungaji atayaeleza vema kuliko mimi.

Mtaniuliza basi mtu atajuaje. Mkunga haulizi mtoto amezaliwa saa ngapi ili ajue kama yu hai. Anasikiliza kama analia, anaangalia kama ananyonya. Petro awaambia waliozaliwa kwa neno la Mungu wayatamani maziwa yasiyoghoshiwa. Jiulizeni kama mna njaa hiyo mnapokuwa peke yenu, wakati hakuna vipaza sauti wala kwaya. Jiulizeni dhambi mliyoipenda ina ladha gani sasa. Zakayo hakuombwa ushuhuda wa tarehe. Alisimama akataja nusu ya mali yake na kurudisha mara nne, na papo hapo Bwana akasema wokovu umefika nyumbani humo. Na atakayejichunguza akakuta hana uhai huo asikate tamaa, wala asisubiri mkutano mwingine. Aombe. Yule ambaye kuzaa ni kwake hajawahi kumfukuza aliyemjia, hata usiku.

Nina maombi matatu kwenu. Kichwa kile kifutwe, kiandikwe "Waliokata shauri", kwa kuwa hilo ndilo tulilolishuhudia kwa macho. Majina yale yagawanywe kwa jumuiya, ili kila mmoja atembelewe nyumbani kwake kwa mwaka mzima, maana mtoto aliyezaliwa usiku wa baridi na kuachwa nje hafiki asubuhi. Na mwende kwa yule mama, si kumfundisha, bali kumwomba radhi. Kisha mkae mumsikilize aombavyo.

Nikodemo alikuja usiku, akaondoka bila Yohana kutuambia kama alielewa. Sura ya saba twamwona akimtetea Yesu mbele ya Mafarisayo wenzake, kwa neno moja la tahadhari tu, wakamdhihaki. Kisha hatumwoni tena mpaka siku ile ambayo wanafunzi waliokuwa wamekiri hadharani wamekwisha kukimbia, na hapo anakuja kabla jua halijatua, mbele ya macho ya watu, amebeba manemane na udi yapata ratli mia kwa ajili ya mwili wa mtu aliyesulubiwa.

Nawangojea Alhamisi jioni nyumbani kwangu, pamoja na daftari.

Mimi mzee wenu katika Bwana.