Somo, mbona umenyamaza?

Mikindani, Jumapili baada ya alasiri

Somo yangu,

Salaam nyingi. Sisi tupo, korosho zinaanguka, na Baba Rashidi yuko shambani tangu alfajiri. Mama mfikishie shikamoo yangu, na watoto wasalimie mmoja mmoja.

Sasa nije kwenye lililonikalisha kitako. Ule ujumbe wako wa simu nimeusoma mpaka nimeukariri. "Pole sana dada, Mwenyezi Mungu akupe wepesi." Dada? Tangu lini mimi na wewe tukaitana dada? Tumechezwa unyago pamoja, jina letu moja, tumelala pale Ndundu usiku kucha tukisubiri pantoni la kuvuka Rufiji, enzi hizo daraja hakuna, na ulinichekesha mpaka abiria wakatufokea. Leo unaniandikia kama karani wa kata. Halafu kimya. Sikukasirika, somo. Niliogopa. Nilisema moyoni, huyu naye keshanizika.

Maana hapa nyumbani ndivyo walivyonifanya niliporudi kutoka Ocean Road, hospitali ya saratani, na dozi ya kwanza. Redio ikazimwa. Watoto wakaambiwa wanyate. Bi Asha wa kona alikuja akaketi mkekani, kashika tama, hasemi, tukatazamana saa nzima kama tumekaa matanga. Jogoo wake akiwika alfajiri, Baba Rashidi anasema ananisumbua. Akaenda kumnunua kwa elfu ishirini na tano, akachinjwa, nikapikiwa supu. Kesho yake alfajiri akawika mwingine. Kumbe walikuwa wawili! Nilimsikia mume wangu gizani anavuta pumzi, hasemi neno, nami nimeuma kanga nisicheke, kwa sababu nyumba ile kucheka kulikuwa kama kukufuru.

Kilichofungua mlango ni daftari. Daktari alitusisitizia kwamba dawa hizi zinapambana na saratani lakini zinapunguza pia askari wa mwili, kwa hiyo joto likifika 38 tusingoje kupambazuke, hospitali moja kwa moja. Unamjua Baba Rashidi kwa kuandika. Akanipima asubuhi, mchana, jioni, na usiku akaniamsha anipime tena, yote anaandika kwenye daftari lake la korosho, ukurasa huohuo wa kilo. Siku ya kupeleka mzigo chama cha msingi, karani akamtajia jumla yake. Mwenzio akafungua daftari, akakataa kata kata. "Na hizi 36.8 ziko wapi? Hizi 37.1? Hizi 36.5?" Mizani ikasimama, foleni nzima ikaanza kumjumlishia, wengine wakasema wazi kwamba mkulima anaibiwa. Mpaka Mzee Chande akavaa miwani akasoma pembeni: "usiku, baada ya uji." Akamgeukia: "Baba Rashidi, korosho zako zinakunywa uji?"

Alikuja kunisimulia mwenyewe, kasimama mlangoni, hajui kama ana ruhusa. Nikacheka mimi kwanza. Naye akacheka, akakaa chini sakafuni akacheka mpaka machozi, na yale machozi hayakukoma kicheko kilipokoma. Tulikaa hivyo mpaka magharibi. Tangu tuletewe majibu ya kile kinyama walichokata kwenye titi, siku ile ndiyo niliyomwona mume wangu.

Lakini linaloniuma ni la Mudi, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Unajua huyu mjukuu ananiita mke wangu, na mahari kanilipa, maembe mawili na ngisi mmoja. Nywele zilipoanza kutoka, kama wiki tatu baada ya dozi, nikafunua kichwa siku moja uani. Mudi akanizunguka, akanitazama vizuri, akasema, "Mimi nilioa mwenye nywele. Nataka maembe yangu." Somo, nilicheka mpaka mshono ukavuta! Mama yake akatoka jikoni mbio akamzaba kofi. Mtoto alinyamaza siku tatu. Akipita mlangoni kwangu ananyata kama wale wakubwa, na ile kunyata kwake iliniuma kuliko sindano. Nilimwita, nikamrudishia embe moja, nikamwambia la pili silirudishi, kwa sababu ndoa bado ipo. Mama yake nimemweleza kwa upole kwamba utani wa bibi na mjukuu si utovu wa adabu, ni haki yangu, na mgonjwa hanyang'anywi haki. Kaelewa nusu.

Kule kwenye foleni ya dripu wanawake tunacheka sana, hutaamini. Yule wa Tandahimba alisimulia kwamba ile dawa nyekundu hugeuza mkojo kuwa mwekundu siku moja au mbili, sisi tulishaambiwa, lakini mkwewe hakuambiwa. Bibi wa watu aliona kopo, akapiga yowe, majirani wakaja na mikeka. Tulicheka korido nzima, tumefunga vilemba, nesi akaja kuchungulia, akacheka na yeye.

Si kwamba nacheka kila saa. Zipo siku mdomo una ladha ya chuma na hata uji siupendi, zipo usiku nahesabu watoto badala ya kulala. Siku hizo nitakwambia, usicheke. Ila usiniamulie wewe kutoka Nachingwea.

Basi naomba hivi. Dozi zinapishana siku 21. Mbili zimepita, ya tatu ni Ijumaa ya wiki ijayo, Baba Rashidi hawezi kuacha korosho na Rashidi kanyimwa ruhusa kazini. Nisindikize wewe. Tutalala kwa wifi Mbagala, faili nitabeba mwenyewe. Ungeweza kudandia basi pale Mnazi Mmoja ya Lindi, njia ya Masasi inapokutana na yetu, lakini njoo Jumatano ulale hapa, nina mengi.

Utakuja? Au kuna jambo kwako hujaniambia? Yule ndama alipona? Hadija alirudisha cherehani, au bado anasema ni urithi? Mama anapata usingizi siku hizi? Na kwa nini uliniita dada, somo, nani alikufundisha? Kama ming'oko imeshaanza kuuzwa sokoni kwenu nibebee, ni kitu kimoja ambacho bado kina ladha yake. Na embe moja la Mudi, maana nimegundua nililomrudishia ni bovu na ameanza kuuliza.

Somo wako,
Zuhura